Kamba Yangu ya Magazeti na Laivu ya Furaha

Wenzangu mnaobaki ofisini, mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja: msitafute humu vyeo na mishahara. Vyeo nilipewa viwili, vyote majina yake marefu kuliko kazi yenyewe, na mshahara mnaujua kwa kuwa na nyinyi ndio huo huo mnaopata. Nitaandika kuhusu magazeti ya nchi hii ya Uingereza, maana ndiyo yaliyokuwa jembe langu, na kuhusu mwanamke mmoja wa Thornton Heath ambaye mpaka leo nikisikia sauti yake ikitoka kwenye simu ya mtu ndani ya basi, roho inaniuma. Mtasema, mtu mzima, mstaafu, anaswali sala tano, bado ana wivu? Ninao, tena wa kutosha kugawa.

Nilianza katika chama chetu cha wapangaji na wahamiaji pale Kilburn nikiwa bado nafagia ofisi za watu alfajiri. Chama kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mazulia, na ngazi zake nyembamba hivi kwamba mtu akishuka wewe ulisubiri chini. Aliyenipokea ni Bwana Kieran, mzee wa Ireland, fundi wa matofali aliyeacha matofali akaingia kwenye harakati. Aliniambia kwamba alijuta, kwa sababu matofali angalau yanakaa pale unapoyaweka. Hakunipa kiti wala chai. Alinipa magazeti ya asubuhi hiyo akaniuliza yanasema nini kuhusu kodi za nyumba. Nikaanza kumsomea vichwa vya habari, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya mtu anayetaka kazi.

Akanisimamisha. “Kichwa cha habari ni mali ya mwenye gazeti,” alisema. “Anza na aya ya mwisho. Huko ndiko mwandishi anakoweka ukweli, kwa sababu anajua bosi wake hasomi mpaka huko.”

Elimu niliyopewa kazini ni hiyo, na imenitosha. Kozi nyingine zote nilizopelekwa, zile zenye maji ya chupa na peremende mezani, sikumbuki hata moja ilihusu nini. Vifaa vyetu vilikuwa mkasi, kalamu nyekundu, na kipaza sauti cha mkononi ambacho betri zake zilikuwa na tabia ya kufa dakika mbunge anapotoka nje. Tukabaki kupiga kelele kwa makoo yetu, na Bwana Kieran akasema koo halihitaji risiti.

Kamba niliileta mimi. Kwetu Tabora, kama kwingine Tanzania, mtu halikimbilii gazeti kulinunua. Anasimama mbele ya meza ya muuzaji, anasoma vichwa vya habari vya magazeti yote yaliyobanwa kwenye kamba, anabishana na mtu asiyemjua juu ya serikali, kisha anakwenda zake na hela yake mfukoni. Muuzaji hugomba, lakini na yeye yumo kwenye ubishi. Nilipoona watu wetu wa Kilburn wanaishi Uingereza lakini habari za Uingereza wanazisikia kwa uvumi, nikafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi kwenye bomba la kupashia chumba joto, nikabana magazeti ya Jumamosi kwa vibanio, nikawaambia waje.

Walikuja. Watanzania wa ofisini na wa hospitali, Wakongo wa usafi, Wakenya wawili watatu waliokuja kutukosoa Kiswahili chetu, na Mzanzibari mmoja aliyekuja kumkosoa kila mtu. Viti niliviondoa kwa makusudi. Anayekaa huhutubia, lakini anayesimama, miguu yake humfundisha kufupisha. Utaratibu ulikuwa mmoja, na niliusimamia kwa ukali: kwanza tunasema gazeti limeandika nini, bila kuongeza chumvi. Pili tunasoma aya ya mwisho. Tatu ndipo mtu aseme “mimi naona.” Aliyeanza na “mimi naona” nilimrudisha mwanzo hata kama ana shahada tatu. Huko nyumbani kwenye meza ya magazeti kichwa cha habari kinatosha kabisa kwa ubishi wa asubuhi, kwa sababu ukikosea, mwenzako atakusahihisha kabla ya chai. Hapa ukikosea unaweza kupoteza nyumba au viza.

Kwenye kamba ile imepita historia yote ya karibuni ya nchi hii. Tulisimama tukasoma juu ya kujitoa Ulaya, na nilikuwa na maoni yangu: kwamba watu waliambiwa shida zao zimeletwa na jirani, wakamfukuza jirani, na shida zikabaki ndani zimekaa kwenye kochi. Tulisoma kipindi kile mawaziri wakuu walipokuwa wakipishana mlangoni kama watu wa zamu, na Mzanzibari wetu akasema yeye hatajifunza tena jina la mmoja mpaka amalize mwaka. Kuhusu vyama viwili vikubwa maoni yangu hayajabadilika na sitayaficha kwa kuwa nimestaafu: vyote vimegundua kwamba kumlaumu mgeni ni rahisi kuliko kujenga nyumba. Kimoja kinasema kwa kupiga kelele, kingine kinasema kwa masikitiko. Mgeni anasikia lile lile.

Siku moja tulikwenda kusimama ng'ambo ya barabara, mkabala na watu waliokuwa wakipiga kelele nje ya hoteli walimowekwa waomba hifadhi. Mama mmoja wa Kiingereza, umri wangu, akanifuata mpaka kwenye kizuizi cha polisi akaniambia nirudi nilikotoka. Mvua ikaanza. Baadaye nikamwona ameduwaa pembeni, akaniuliza basi gani linakwenda Cricklewood. Nikamwelekeza kituo, akanishukuru sana na kuniita “mpenzi” kama wanavyoita wenyewe. Mkitaka kuielewa nchi hii msiniulize zaidi, mimi nimeishia hapo.

Sasa nije kwa Furaha.

Wivu wangu haukuanza naye, niwe mkweli. Bwana Kieran alikuwa na mtindo wa kumsifu mtu asiyekuwepo, na kwa miaka mingi nilijikuta nataka nisiwepo ili nisifiwe. Redio walipotaka mtu wa kuzungumza juu ya wapangaji walimwita mwanasheria, na televisheni walipotaka mhamiaji walimtafuta aliyelia vizuri. Mimi nilikuwa yule anayewapa namba ya simu ya huyo mwingine. Nilivumilia, kwa sababu Jumamosi ilikuwa yangu. Watu wakipanda zile ngazi walikuwa wanapanda kuja kunisikia mimi.

Furaha alipanda ngazi hizo Jumamosi moja na mwavuli unaochuruzika maji. Mkongo wa Uvira, alikuja nchi hii kuomba hifadhi, akangoja miaka hadi akakubaliwa, na alikuwa akisafisha ofisi za mjini. Alisimama nyuma wiki kadhaa bila kusema. Aliponyoosha mkono aliuliza swali zuri kuliko yote: “Maman Hidaya, huyu mwenye gazeti, yeye anapanga ama ana nyumba yake?” Watu wakacheka, lakini mimi nikajua huyu ameelewa. Nilimchukua. Nikamfundisha aya ya mwisho, nikamfundisha kukata na kubandika, nikamfundisha kumngoja mbunge upande wa maegesho kwa sababu mlango wa mbele hawautumii. Nilimpenda kama mdogo wangu, na nilipenda zaidi anavyoniangalia.

Kisha akapata nyumba Thornton Heath, upande wa pili wa jiji, akawa haji tena. Akaanza laivu, matangazo ya moja kwa moja kwa simu. Alisimama nje ya duka linalouza ndizi za kupika na samaki wakavu, gazeti mkono mmoja, simu mkono wa pili, akasoma habari za Uingereza kwa Kiswahili chake cha Uvira, “batu banasema hivi, batu banasema vile,” na wenye duka wakipita nyuma yake na makreti. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza nikasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilirudia methali hiyo wiki nzima kwa kila aliyenisikiliza. Wiki iliyofuata waliokuwa wakinisikiliza walipungua.

Niseme wazi kilichoniuma. Hakuwa ananiiba maneno. Angeiba ningemshitaki. Alikuwa akisema yake, tena kwa kuchekesha, na alikuwa anajua kuangalia ndani ya simu kama anamwangalia mtu. Mimi hata picha ya pasipoti natoka nimekasirika. Jumamosi zangu zikaanza kukonda. Mtu anapanda ngazi, anatazama kamba, anasema “hii tumeshaisikia kwa Maman Furaha,” anashuka. Jumamosi moja nilibana magazeti yote kwenye kamba, nikayasoma peke yangu, nikabishana na bomba la joto.

Na bado hilo si lililoniuma zaidi. Binti yangu Salma amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote, lakini tangu aanze kusema hajawahi kunijibu kwa lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Habari zangu za Jumamosi hakuwahi kuja kuzisikia hata mara moja. Jioni moja nikaingia jikoni nikamkuta anaosha vyombo huku simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, Furaha anasoma gazeti, na Salma anacheka mahali penyewe pa kucheka. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba yule mama ni mchekeshaji. Nikamuuliza, “Na mimi je?” Akasema mimi ni mama yake. Akaendelea kuosha sahani.

Nikajifungulia akaunti ya jina la uongo, Mpenda Amani, nikawa namfuatilia kila laivu. Namwangalia nikihesabu makosa yake. Siku moja katikati ya maelezo akasema, “Na Mpenda Amani, aksanti, wewe hukosi hata siku moja.” Nikazima simu nikaifunika na mto.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Jumatatu moja, serikali ikatangaza mabadiliko ya viza za walezi wa wazee, kazi ile ambayo sote tunaiita kea. Mnajua ilivyokuwa. Nyumba za wazee hazina watu, Waingereza hawaitaki kazi hiyo kwa malipo hayo, wakaletwa wetu kutoka Mbeya na Kisumu na kwingineko, wamewaogesha wazee wa nchi hii na kuwalisha na kuwafumba macho walipokufa. Halafu serikali ikataka ionekane imekaza mkono. Kesho yake magazeti yakaandika kwa herufi kubwa kuliko ukurasa kwamba viza za kea zimefutwa.

Sikuisoma siku hiyo, wala laivu sikuiona, nilikuwa mahakamani na mpangaji. Alhamisi, nikiwa nakunywa chai ofisini, nikafungua grupu letu la simu, lile ambalo watu hutangaza vyumba na kuuza vitu, nikaona picha ya friji. Chini yake pameandikwa: “Friji inauzwa, bado nzima kabisa, naondoka.” Aliyeandika ni Zawadi wa Tooting, mlezi katika nyumba moja ya wazee, dada wa Mbeya mwenye binti anayesoma shule ya msingi. Zawadi nilimsaidia mimi kupata chumba alipofika. Mtu akiuza friji jijini hapa hahami mtaa. Nikampigia.

“Zawadi mwanangu, unakwenda wapi?”

“Narudi nyumbani, mama. Si umesikia? Viza wamezifuta. Jumatatu ninaacha kazi.”

“Nani kakwambia zimefutwa?”

“Maman Furaha amesoma kwenye gazeti. Nimemsikia kwa masikio yangu. Bora niondoke kwa miguu yangu kuliko wanifungie mtoto kwenye ndege na mapolisi.”

Nikamwambia angoje. Nikatoa gazeti, nikashuka moja kwa moja mpaka aya ya mwisho. Iliandikwa wazi, kwa herufi ndogo: mlango umefungwa kwa waombaji wapya kutoka nje. Walio tayari nchini na kazini wangeendelea kuhuishiwa viza zao kwa kipindi cha mpito. Zawadi alikuwa nchini na kazini. Habari ile haikumgusa, isipokuwa yeye mwenyewe aiguse. Kwa sababu viza ya kea imefungamanishwa na mwajiri, na siku unayoacha kazi mwajiri anaiarifu wizara, wizara inaikata viza yako. Kwa kuogopa kufukuzwa, Zawadi alikuwa anakwenda kujifukuza.

Nilipomaliza kusoma, kitu cha kwanza nilichokihisi ni raha. Furaha amekosea! Amesoma kichwa cha habari kama wanaume wa kwetu kwenye meza ya muuzaji, akaondoka. Nilikunywa chai yote iliyobaki kwa raha hiyo, nikaiona tamu. Kisha nikarudi kwenye simu.

Nikamsomea Zawadi aya ile polepole, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Sawa mama,” akasema. “Lakini Maman Furaha hakusema hivyo.”

“Furaha hakufika mwisho wa habari.”

“Mama, wewe ni mzazi wangu, usinielewe vibaya. Lakini wewe mambo yako ni ya zamani, mambo siku hizi yanabadilika upesi. Yeye ndiye anayefuatilia.”

Ningeweza kumweleza nani alimfundisha Furaha kufuatilia, lakini mtoto wa watu alikuwa anauza friji. Nikapiga tena jioni, nikapiga Ijumaa. Jibu lake likawa lile lile, kwa heshima ile ile, na friji akawa ameshapata mtu wa kuja kuiona Jumapili. Nikaelewa kwamba hata ningesimama juu ya paa la Bunge nikasoma aya ile, Zawadi angengoja kusikia Furaha anasemaje.

Furaha siku za kazi hapatikani hata kwa simu, laivu huifanya kwa dakika chache akitoka usafi wa ofisi kuingia usafi wa shule. Ilibaki Jumamosi. Kwa mara ya kwanza tangu niifunge, kamba yangu haikuwa na gazeti. Nilibandika karatasi mlangoni kwamba leo hakuna kikao, nikapanda treni ya chini ya ardhi pale Kilburn, nikabadilisha, nikabadilisha tena, nikapanda treni ya Thornton Heath. Mnaweza kuuliza watu wangapi walikuja Kilburn wakaikuta ile karatasi. Jumatatu niliporudi hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Ndani ya treni nilitunga maneno. Niliyapanga vizuri, yana makali na yana heshima, ili nikimaliza asiwe amechubuka popote lakini auone mfupa. Nilimkuta nje ya lile duka la ndizi, anafuta kioo cha simu kwa ncha ya kitenge akijiandaa. Aliponiona akaacha kila kitu.

“Maman Hidaya! Kumbe unaweza kufika mpaka huku? Karibu, maman. Batu, leteni kiti.”

Wakaleta kreti la soda. Sikukaa. Nikatoa gazeti, nikaweka kidole kwenye aya ya mwisho, nikampa asome. Maneno yote niliyotunga nilikuwa nayo mdomoni. Akasoma mara ya kwanza, akasoma tena akitembeza kidole. Nikaona uso unamshuka.

“Sikufika huku chini,” alisema. “Kichwa cha habari kilikuwa kikubwa, na batu balikuwa banangojea. Maman, nani ameumia?”

Nikamwambia habari za Zawadi, friji, na Jumatatu. Hakujitetea. Ningeomba ajitetee, maana hapo ndipo maneno yangu yangepata kazi. Akauliza tu, “Sasa nifanye je?”

“Usiifute ile ya Jumanne. Ukifuta watasema umetishwa. Sema ulikosea, halafu usome hii.”

“Niseme ni wewe umeniletea?”

Nilitaka aseme. Nilitaka alitaje jina langu mara mbili, na la baba yangu pia. Nikamjibu, “Wewe tu, ukiona inafaa.”

Akawasha simu. Akanipa nimshikie mkoba na mwavuli, nikasimama pembeni mahali ambapo kamera haifiki, karibu na ndizi. Akaanza: “Bapendwa, bamaman na bapapa. Jumanne nilibaambia viza za kea zimekwisha. Nilisema mubaya. Nilisoma juu, sikusoma chini. Leo naanza chini.” Akasoma aya ya mwisho neno kwa neno, akaitafsiri, akairudia. Kisha akaangalia ndani ya simu ile namna yake akasema, “Na wewe dada unayeuza friji, nisikilize vizuri. Usiache kazi. Ukiacha kazi, ndiyo wanakukata. Nimekosea mimi, usilipe wewe. Kesho mwenye kuja kuona friji mwambie imekwisha kuuzwa.” Sauti ikamkatika hapo, na haikuwa maigizo, nilikuwa karibu niliona. Mwisho akasema, “Nashukuru mama mmoja amenikumbusha.”

Mama mmoja.

Nilikuwa nimeifungua laivu kwenye simu yangu, na kioo kilijaa mioyo. Ilikuwa inapanda kwa wingi hivi kwamba uso wake hauonekani. Watu wakaandika kwamba huyu ndiye kiongozi wa kweli, kwamba viongozi wote wangekuwa wanaomba radhi hivi Uingereza ingekuwa mbali, kwamba Mungu amtunze. Nikiwa nimeshika mkoba wake nilisoma maoni yale yote. Nimesimama kwenye kamba ile miaka na miaka, nikapatia Jumamosi baada ya Jumamosi, na hakuna aliyewahi kunitumia hata moyo mmoja. Yeye amekosea mara moja wakampenda maradufu. Alipozima simu akanikumbatia akilia, akaninunulia ndizi za kuchoma, na zilikuwa nzuri, hata hilo lilinikera.

Zawadi hakunipigia. Jumapili asubuhi nilifungua grupu nikakuta ameandika: “Friji haiuzwi tena, samahanini.” Jumatatu akaenda kazini kama kawaida. Hivi ninavyoandika yuko pale pale, viza yake imehuishwa, na sheria wameshaanza kuzungumzia kuibadilisha tena. Sasa hivi mjadala ni kuwangojesha watu miaka mingi zaidi kabla ya kupewa makazi ya kudumu, na magazeti yameshaanza tena herufi kubwa. Maoni yangu mnayajua: nchi inayowakabidhi wageni wazazi wake wawalee, halafu ikawaambia wageni wasizoee, haijajiangalia kwenye kioo. Nendeni mkasome aya za mwisho. Najua kazi hiyo mnafanya kwa simu sasa, na kwamba mmempa Furaha Jumamosi zangu, atakuja Kilburn mara moja kwa mwezi na simu yake juu ya mguu wa chuma. Uamuzi ni mzuri. Mngeniuliza ningewaambia hivyo hivyo, na ningeumia hivyo hivyo.

Siku ile mliyoniaga mlifanya vizuri. Keki ilikuwa kubwa, Bwana Kieran aliletwa kwa teksi na akanisifu nikiwepo, mara moja katika maisha yake, na hata Salma alikuja akasimama nyuma. Mnakumbuka chumba kilivyojaa. Zawadi aliingia na bakuli la wali wa nazi na binti yake, na mimi nilimwona tangu mlangoni. Nikaweka sahani chini, nikafuta mikono, nikasimama. Alikuja moja kwa moja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo kama inavyotakiwa kwa mtu mzima, akaniambia hongera kwa kustaafu. Kisha akanipa simu yake.

“Mama, naomba utupige picha,” alisema. “Mimi na Maman Furaha. Huyu ndiye aliyeniokoa.”

Furaha akawa anatingisha kichwa, anasema hapana, hapana, na wewe maman kuja hapa katikati. Nikamwambia, nani atapiga sasa? Wakasimama pamoja mbele ya dirisha, binti katikati yao. Nikapiga. Zawadi akaichukua simu, akaitazama, akanirudishia kwa upole.

“Mama, Maman Furaha hayumo.”

Nikarudi nyuma hatua kwa hatua, watu wakinipisha, mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta. Nikapiga tena, na wote wakaingia.